Mjadala: Je, kanisa lipokee fedha za wanasiasa?

Ndugu wasomaji, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, maana linagusa dhamiri na mfuko kwa pamoja. Tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto wa Kenya alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, jijini Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya padre pamoja na fedha za kwaya, na akaahidi milioni 3 nyingine. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba michango hiyo ingerudishwa. Siku chache kabla ya hapo, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali waziwazi.

Mimi namuunga mkono Askofu Mkuu. Wanaompinga husema kwamba fedha haina dhambi, na kwamba hata Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwezesha hekalu la Yerusalemu kujengwa upya. Hoja hiyo ina uzito, ila Koreshi hakuwa akitafuta kura za Wayahudi. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Abramu katika Mwanzo 14, aliyekataa kupokea kwa mfalme wa Sodoma hata uzi au gidamu ya kiatu, mfalme yule asije akasema kwamba ndiye aliyemtajirisha. Mchungaji ambaye nyumba yake imejengwa na kiongozi fulani atamkemeaje kiongozi huyo pale wananchi watakapoonewa?

Hata hivyo, naona tunamwachia askofu mzigo ambao ni wetu sote. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubu katika makanisa ya Kianglikana, na waumini wengi wakafurahi. Lakini kamati za ujenzi ziliendelea kuwatafuta wageni rasmi wa harambee, kwa sababu sisi wenyewe tunataka jengo kubwa kuliko sadaka zetu. Tena, bahasha ile ya mwanasiasa ina chanzo. Ikiwa imetokana na zabuni iliyoongezwa bei, basi yupo mhasibu aliyepitisha hati, yupo karani aliyetia muhuri, na yupo mwenye duka aliyeandika risiti ya uongo, na inawezekana kabisa kwamba wote hao huimba kwaya Jumapili. Imani yenye msimamo ingeanzia mezani pa mhasibu huyo siku ya Jumanne, hapo ambapo kukataa kutia saini kunaweza kumgharimu cheo na pengine karo ya watoto wake. Je, jumuiya yake ingemsaidia, au ingemwona mjinga?

Najua parokia za vijijini zitauliza paa litatoka wapi. Tangu miaka ya 1970 Wakatoliki wa Afrika Mashariki wamejenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na humo michango midogo inaweza kukusanywa mwaka hadi mwaka na hesabu zake kusomwa mbele ya wote. Jengo litachelewa, nami nakubali lichelewe.

Swali ninalowaachia ni hili: mwanasiasa ambaye ni muumini halisi wa parokia, anayetaka tu kutoa zaka yake, tumzuie? Kwa maoni yangu asizuiwe, mradi atoe kwa bahasha ileile ya waumini wengine, bila jina lake kutangazwa wala kipaza sauti kupelekwa kwake. Wenye maoni tofauti, hasa wazee wa kanisa na watunza hazina, naomba mtoe hoja zenu.