Sola za kuvaa mwilini: utafiti wa maana au anasa?

Wadau, hili likitajwa tu kijiweni hapa Mikindani tunagombana, acha nililete huku. Kuna hizi sola laini zinazokunjika, siyo zile za kioo tunazopiga juu ya bati, hizi unazibandika kwenye kitambaa zikalisha saa janja au kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Mwaka 2022 chuo cha MIT kule Marekani walionyesha za kwao, kwa kilo moja zinatoa umeme mara 18 ya paneli ya kawaida. Vyuo vyetu vitie hela humo au tuwaachie wenyewe?

Mimi nasema vitie, ila tusidanganyane habari za kuchaji simu. Jua kali la saa sita ni kama wati 1000 kwa mita ya mraba, kipande cha sentimita 10 kwa 10 kikikamata asilimia 10 unapata wati moja, hapo kimelala kinatazama jua, ukikivaa begani huku unapiga kasia shukuru ukipata nusu. Betri ya simu ya mAh 5000 ni kama wati-saa 19, kwa saa tano sita za jua kali kwa siku itakula karibu wiki. Saa janja nyingi hazifiki hata wati-saa 2, hizo zinalishika. Tena Citizen wa Japani walitoa saa ya mishale inayotumia mwanga tangu 1976.

Mama Mwani: Kaka umesema jua tu, chumvi hujaigusa. Sisi tunaingia shambani bamvua maji yakitoka, nguo ikikauka inasimama yenyewe kwa chumvi. Na hizo sola za perovskaiti, ile malighafi mpya ya kunasa mwanga, zinazosifiwa si ndiyo zinaharibiwa na unyevu?

Mleta mada: Dada hapo umenishika, na nyingi zina madini ya risasi ndani, yale yenye sumu, sasa kitu cha kukaa kifuani kwa mtu kikichanika inakuwaje. Ndiyo maana nataka zijaribiwe huku, wazifue na sabuni ya mche, wazianike, wazivae kwenye jasho la Januari, halafu ndiyo waje na asilimia zao.

Babu wa Newala: Wajukuu, gesi ya Mnazi Bay imetoka huku huku, bomba likafika Dar 2015, jiko langu mpaka leo la mkaa. Leo mnaniletea shati la umeme! Nunueni paneli muweke zahanati.

Mleta mada: Shikamoo babu. Sikatai, ila paneli ya zahanati haina cha kutafiti, ipo dukani, hiyo idaiwe halmashauri, ni fungu lingine kabisa. Ninachokataa mimi ni mtu aje atuvalishe vifaa, apige picha, aondoke navyo.

Wa Kilwa mbona kimya? Zile taa za sola mnazovulia dagaa, chumvi inachukua muda gani kula nyaya?