Naoneshwa mswala wa Kibulushi wa kabla ya 1900, nitajuaje ni wa kweli?

PakaWaMutrah: Wakuu salaam. Niko Muscat, kuna mzee hapa Mutrah ananiuzia mswala wa Kibulushi wa Khorasan kule Iran, katikati rangi ya ngamia na mti, pembeni nyekundu iliyoiva, nili na kahawia karibu nyeusi. Mwenye kujua rangi na sufu anielekeze, kesho natakiwa nitoe jibu.

KokoYaEmbe: Mi huko huko nilinunua ubani wa Salalah, kufika Temeke unanuka ndoo 😂

Bulushi_Msa: Sisi wazee wetu waliletwa Mombasa na masultani wa Oman kuwa askari, walikuja na bunduki, zulia hakuna lol. Mazulia hayo ni ya Khorasan na upande wa Herat, Afghanistan, sisi asili yetu Makran, pwani ya Iran na Pakistan. Sasa panua manyoya mpaka shinani, ukikuta nchani pamepauka na ndani panawaka chungwa au zambarau hiyo ni rangi ya kiwandani, ya kwanza ilipatikana 1856 na kule ilichelewa kufika. Halafu pitisha kidole kwenye ile kahawia, zamani waliikoleza kwa chuma na chuma kinakula sufu, kwa hiyo panakuwa pamebonyea kuliko penye nyekundu, labda iwe sufu ya kondoo mweusi haijatiwa rangi. Mtande, zile nyuzi za urefu zinazobeba mafundo, ukiwa wa pamba si wa zamani sana huo. Pindo za pembeni mara nyingi ni nywele za mbuzi.

MamaSalha: Bei gani mwanangu?

PakaWaMutrah: Bei sio ishu mama, nataka kujua rangi.

MamaSalha: Nimeuliza bei.

PakaWaMutrah: Riali 400. Nimeshatanguliza 150, ni hela ya mchezo mimi ndo naitunza, ila zamu inayofuata ni mwisho wa mwezi na nitakuwa nimeshauuza Ulaya mara mbili yake. Na mzee ni mtu wa dini, kila nikipita ananipa kahawa na halwa.

MamaSalha: Hela za watu! Wifi yangu alifanya hivi hivi akanunua majokofu mabovu, mpaka leo harusini anakaa nyuma karibu na jiko.

Kitwana_Jr: Subirini kwanza. Huyu si ndo juzi alikuwa Dodoma anaomba ushauri wa shamba la zabibu? Chai hii. Leta picha ya mgongo wa mswala.

PakaWaMutrah: Zabibu ni za kaka nilimuulizia tu. Picha mzee hataki, anasema flashi inaua rangi.

KokoYaEmbe: Flashi inaua, jua la Muscat linabembeleza 😂😂

Bulushi_Msa: Chai au sio chai, lowanisha kitambaa cheupe usugue nyekundu uone kama inachuja. Na uzi mmoja wa matamvua uuchome, sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu linasagika, ya plastiki inayeyuka inaganda punje. Ila hata sufu mpya inanuka hivyo, umri hautaujua hapo.

PakaWaMutrah: Kitambaa nilishajaribu, kilitoka pinki kidogo. Mzee kasema ni vumbi.

MamaSalha: Vumbi la pinki!

Kitwana_Jr: Wenzako wa mchezo wamo humu?

PakaWaMutrah: Mods naomba mfute uzi.