Tupeane uzoefu: madoa ya chunusi na dawa za nyumbani

Mleta mada (Morogoro): Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 16. Chunusi zinapungua, ila zimemwachia madoa meusi mashavuni mpaka akiona kamera anageuka. Mkorogo siutaki nyumbani kwangu. Aliyetumia kitu cha asili aseme alichotumia na muda gani. Kama kilikuunguza, sema pia.

Binti Pangani: Dada, naanza na limau ili mwanao asipite nilikopita. Nililikamua asubuhi, nikapaka usoni, nikatoka kuanika nguo. Jioni shavu linawaka moto. Siku ya tatu ukatokea mchirizi mweusi kuanzia shavuni hadi shingoni, palepale maji ya limau yalipochuruzika. Doa la chunusi lilikuwa kama punje ya choroko. Hili la limau refu kama kidole, na likakaa miezi minne. Limau na jua, tafadhali, msivikutanishe.

Bi Mkubwa (Unguja): Wanangu, sisi tumekulia liwa. Unasugua kipande cha liwa, ule mti wa kunukia, juu ya msio, jiwe la kusugulia, huku ukidondoshea marashi ya mawaridi, mpaka upate uji mzito. Paka usiku, ikikauka osha kwa maji ya vuguvugu. Bibi alitukataza kusugua uso na kutumbua chunusi. Mimi vipele vilitulia ndani ya wiki chache. Madoa yalichukua karibu mwaka.

Kaka wa Kisauni: Mimi vipele vya kidevuni baada ya kunyoa. Natumia mshubiri (aloe vera). Mara ya kwanza niliwashwa vibaya, kumbe jani ukishalikata unalisimamisha kwanza, yale maji ya njano yatoke yote. Ule ute mweupe ndio unaopoza.

Mama Wawili: Asali na manjano kidogo, robo saa, mara mbili kwa wiki. Chunusi zilikauka. Foronya zangu zote njano!

Nesi mstaafu: Mjaribishieni kwanza mkononi, siku moja nzima. Dawa ya meno msipake, inachoma ngozi. Jua hulikoleza doa, kwa hiyo mtandio au kofia visimtoke. Chunusi zikiwa kubwa, zenye usaha na kuacha mashimo, mpelekeni kwa daktari wa ngozi mapema.

Mleta mada: Asanteni sana. Limau lilikuwa tayari bafuni, nimelirudisha jikoni. Shikamoo Bi Mkubwa, huku Morogoro msio nitaupata wapi?

Bi Mkubwa: Marahaba mwanangu. Waulize wauza udi sokoni. Ukikosa, nitakutumia wangu wa pili.