Naomba ushauri: kuzeesha karatasi kwa joto ili kupima uimara wake

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatunza madaftari ya chama chetu cha ushirika hapa Tabora. Yale ya miaka ya 1960 yamegeuka rangi ya chai na kona zake hukatika zikikunjwa mara mbili, ilhali daftari moja la zamani zaidi, cha ajabu, bado ni laini.

Ninavyoelewa, chanzo ni shabu (chumvi ya alumini, alum) iliyotiwa kiwandani pamoja na utomvu wa msonobari ili wino usisambae: ikipata unyevu huzaa asidi, nayo hukatakata nyuzi za selulosi, yaani nyuzi za mmea zinazounda karatasi. Nilipoloweka kipande katika maji yaliyosafishwa, kipima pH (kiwango cha asidi; chini ya 7 ni asidi) cha kuazima kilisoma 4.6, wakati karatasi ya kudumu hutakiwa kuwa kati ya 7.5 na 10.

Kabla ya kununua karatasi mpya nataka kuzizeesha kwa makusudi, ili nione haraka zitakavyokuwa baada ya miaka mingi. Tanuri la maabara ya shule jirani linaweza kutoa joto kavu la nyuzi 105 kwa saa 72, lakini nahofia kwamba njia hiyo inaacha nje unyevu, ambao ndio adui wetu wa masika. Njia ya nyuzi 80 penye unyevu wa asilimia 65 naipenda zaidi, ila sina chombo chake.

Je, chupa iliyofungwa yenye chumvi ya mezani iliyokolezwa majini, ambayo hushikilia unyevu wa karibu asilimia 75, itafaa? Na kwa kuwa sina mashine ya kukunja karatasi hadi ikatike, nihesabu mikunjo ya mkono, au nitegemee kushuka kwa pH peke yake?