Je, ugonjwa wa niuroni za mwendo ni wa wanaume watu wazima?

Binti wa Temeke:
Ndugu zangu, baba yangu ana miaka 64 na ni fundi cherehani Kariakoo. Mwaka jana mkasi ulianza kumponyoka, kisha nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikabonyea, na juma lililopita daktari alituambia kuwa seli za neva zinazoamuru misuli zinakufa. Shangazi anasema ugonjwa huu ni wa wanaume watu wazima, na sasa kaka zangu wawili hawalali. Je, kuna ukweli?

Tabibu Mstaafu, Upanga:
Pole sana, binti yangu. Shangazi amesema nusu ya jambo. Ulaya, ambako wagonjwa huandikishwa kwa utaratibu tangu miaka mingi, wapya huwa takriban 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kabla ya miaka 40 ni nadra, ingawa mwanafizikia Stephen Hawking aligunduliwa kuwa nao mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Idadi hupanda baada ya 50 na hufikia kilele kati ya 60 na 75. Wanaume huzidi, lakini hawafikii hata 2 kwa kila mwanamke 1, na pengo hilo, ambalo ni kubwa zaidi kwa wanaoanza kuugua wakiwa vijana, karibu linatoweka baada ya miaka 70.

Mama Sauda:
Nathibitisha hilo kwa uchungu. Mama yangu alianza akiwa na miaka 72, tena si mkononi bali ulimini: maneno yakawa mazito, chai ikawa inampalia, nasi tukashikilia kuwa ni kiharusi hadi miezi ikapita. Baadaye nilielezwa kwamba kuanzia ulimini na kooni huonekana zaidi kwa wanawake, hasa wazee.

Tabibu Mstaafu, Upanga:
Ni kweli, Mama Sauda, na pole. Binti, kuhusu kaka zako: wagonjwa 9 hivi kati ya 10 hawana ndugu mwenye ugonjwa huu. Ukiwa wa kurithi, kwa kawaida jeni huweza kumfikia mtoto wa kike sawa na wa kiume, kwa hiyo kuwahofia kaka peke yao hakuna msingi. Waulizeni wazee wa upande wa baba kama kuna aliyepooza polepole au kupoteza usemi, na majibu yao mwende nayo kliniki.

Binti wa Temeke:
Ahsante, mzee wangu. Bibi yuko Rufiji. Nitampigia leo jioni.