Kimbunga kimeondoka: vyombo vishuke lini, Tanga na Pangani?

Mwana Sahare
Salaam aleikum wanabahari. Taarifa ya asubuhi ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inasema kimbunga kimepoteza nguvu na masalia yake yanaelekea kaskazini-mashariki, nje ya Pemba. Hapa Sahare upepo umelala na jua limetoka, ila kule kwenye fungu kila baada ya kitambo naona povu jeupe linapasuka. Kuna boti ya faiba ya futi 24, mashine farasi 40, inataka kuvuka Pemba kesho alfajiri. Ngalawa tatu zinataka kushuka Pangani. Kigombe nako kina mama wamevuna mwani na hawajui kama waanike. Tuangalie nini, tusubiri muda gani?

Kipima Upepo
Wa alaikum salaam. Boti isivuke kesho.

Upepo umekatika, lakini mawimbi uliyoyazaa bado yako njiani. Wimbi refu la sekunde 12, yaani sekunde 12 kati ya kilele na kilele, husafiri kama kilomita 34 kwa saa. Kimbunga kikiwa kilomita 600 kutoka kwetu, wimbi linalozaliwa sasa hivi litafika hapa baada ya saa 18 hivi. Hilo povu unaloliona ni la mawimbi kama hayo yaliyozaliwa mapema.

Lipime. Chagua jiwe au boya moja, anza saa kilele kikifika hapo, hesabu vilele kumi vinavyofuata, kisha gawanya sekunde kwa kumi. Ukipata 5 au 6, hayo ni ya upepo wa karibu na yatalala upepo ukilala. Ukipata 10 kwenda juu, yanatoka mbali. Kaa dakika 20 nzima, maana mawimbi haya huja kwa makundi: matano sita makubwa, halafu kimya kirefu. Wengi huondoka kwenye hicho kimya wakidhani bahari imetulia.

Tena Sahare si mahali pa kupimia Pangani. Sisi tumekingwa na Pemba, iko mbele yetu moja kwa moja. Pangani imeelekeana na ncha ya kusini ya Pemba, na wimbi la mashariki linaingia kwa kupitia uwazi ulio kati ya Pemba na Unguja. Hapa maji yanaweza kuwa kama mafuta, kule mwamba unanguruma.

Upepo nao una habari zake. Kimbunga upande wetu huu wa dunia huzunguka kama mshale wa saa. Upe upepo mgongo: kitovu kiko mkono wako wa kulia. Kikiwa upande wa Mafia, Tanga tunapata upepo wa magharibi unaotoka bara. Kikisogea kaskazini-mashariki, upepo unahamia kusini, kisha unakuwa kusi kamili, wa kusini-mashariki. Ukiona umegeuka hivyo na umekaa hivyo siku nzima, kweli kimetupita.

Mlango wa Maji
Naongezea upande wa mto, kwa sababu Kipima Upepo kazungumzia bahari tu na ngalawa zinakwenda Pangani.

Masalia yakipita, mvua haikomi siku hiyohiyo. Unyevu uliobaki husukumwa na kusi juu ya Usambara na unamwagika huko. Maji ya Luengera na Mkomazi yanaingia Pangani karibu na Korogwe, yanapita Hale, yanafika mlangoni baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo mto unaweza kufura wakati mbingu ya Pangani mjini ni nyeupe kabisa. Dalili ni maji ya rangi ya kahawia yenye majani na magogo. Gogo lililoloa huelea nusu shubiri tu juu ya maji, na mchana wa jua kali hulioni mpaka limeshavunja panga la mashine.

Hatari kubwa iko mlangoni. Maji ya mto na maji ya kupwa yanatoka pamoja, yanakutana uso kwa uso na wimbi refu linaloingia. Wimbi linabanwa, linasimama wima, linavunjika palepale kwenye fungu la mchanga. Wimbi huanza kuvunjika kina kikishuka karibu mara moja na robo ya kimo chake: wimbi la mita moja na nusu linavunjika penye mita mbili. Maji yakijaa, hapohapo pana mita nne na linapita chini ya chombo bila kupasuka. Ingieni maji yakijaa, kwenye theluthi ya mwisho kabla hayajasimama. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ndiyo muhimu zaidi, maana kupwa kwake ni kukali. Ngalawa iliyogeuzwa ubavu pale haina muda wa kufua maji.

Mwana Sahare
Ahsanteni sana. Nimepima: vilele kumi kwa sekunde 125. Simu yangu ina kipimo cha mgandamizo wa hewa, saa 4 asubuhi ilisoma 1011, sasa saa 10 jioni ni 1008. Kinarudi?

Kipima Upepo
Hapana, usiogope. Hewa ya ukanda wetu hupanda na kushuka kila siku hata kukiwa shwari: juu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, tofauti ya milibari 3 hivi. Linganisha saa 10 jioni ya leo na saa 10 jioni ya jana. Ikiwa ya leo iko juu, hali inatengemaa. Ikiwa imeshuka milibari 3 au zaidi kwa saa ileile, soma taarifa upya kabla hujafungua kamba.

Na endelea kuzisoma. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4, na mwezi huohuo kimbunga Ialy kikapita baharini mashariki yetu kuelekea pwani ya Kenya. Kimoja kuisha hakufungi mlango.

Sekunde 12 na nusu ni wimbi la mbali bado. Pima kesho asubuhi na jioni. Boti isubiri mpaka angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 liondolewe kwa Tanga na Pemba pia, siyo Tanga peke yake. Katikati ya mkondo wa Pemba hakuna pa kujificha.

Bi Mwani
Kwa kina mama wa Kigombe: msianike leo. Mwani uliokwisha kuanza kukauka ukinyeshewa unatoka chumvi, unakuwa mweupe, na mnunuzi anaukataa. Uliovunwa mbichi urudisheni majini ndani ya nyavu, mfunge kwenye vigingi, utakaa siku mbili tatu. Ambao tayari uko chanjani, ukusanyeni kabla ya magharibi mfunike kwa turubai, lakini inueni turubai kingo zipitishe hewa, la sivyo unavunda.

Shambani, maji yakipwa, kagueni kamba moja moja. Tai tai, vile vikamba vinavyoshika mwani, zilizolegea zifungwe upya, na mwani uliofunikwa na tope mtikiseni humohumo majini. Kati ya aina mbili za mwani, spinosamu huvumilia maji ya mvua kuliko kotonii, kwa hiyo anzeni na kotonii.