Tupeane uzoefu: uliparekebisha vipi mbele ya nyumba yako kabla ya kuiuza?

Mwanzisha mada, Tegeta

Ndugu wanajamvi, salaam. Familia yetu imekubaliana kuiuza nyumba yetu iliyopo Goba, na masuala ya mirathi yamekwisha kukamilika, kwa hiyo naomba tusiyajadili hapa. Ninachohitaji ni uzoefu wa wale waliokwisha kuuza. Ndani nyumba ni nzima, lakini mbele pamechoka: geti limeshika kutu, ukuta umepauka na plasta imemeguka kwa chini, uwanja ni mchanga mtupu unaogeuka tope wakati wa masika, na upo mwembe mkubwa ambao nusu ya familia wanataka ukatwe. Dalali mmoja ananishauri niweke pevingi, yaani matofali ya zege ya kutandaza chini, uwanja mzima. Mwingine anasema mnunuzi wa Dar es Salaam ananunua kiwanja na hati, mapambo atayaweka mwenyewe. Mwenye kisa chake akieleze: ulirekebisha nini, fedha ulizipeleka wapi, na wanunuzi walipofika walitazama nini kwanza.

Mchangiaji, Kibaha

Mimi niliuza nyumba Mbezi Luis, kwenye kiwanja chenye mteremko, ambapo maji ya barabarani yalikuwa yakiingia getini na kupita uwanjani hadi kwenye msingi wa kibaraza. Nilipoanza kupokea wanunuzi niligundua kuwa wengi wao, kabla hawajauliza idadi ya vyumba, walikuwa wanainama kutazama sehemu ya chini ya ukuta, wakitafuta alama ya tope au mstari wa maji. Sikuwashangaa. Mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baadaye yalisababisha wakazi wa bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande, yaliwafundisha watu wa jiji hili kuuliza maji yanapita wapi, na mvua kubwa za miaka iliyofuata hazijawasahaulisha.

Kwa hiyo fedha nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya pevingi nilizipeleka kwenye maji. Fundi alichimba mtaro kandokando ya ukuta, akaujengea kwa mawe na saruji, akaweka mfuniko wa zege mahali ambapo gari linapita, kisha akausawazisha uwanja ili uinamie kwenye mtaro, karibu sentimita 2 kwa kila mita 1, kiasi ambacho jicho halikioni lakini maji yanakitii. Njia ya kutoka getini hadi mlangoni niliiwekea changarawe iliyozuiwa kwa mawe pembeni, na sehemu iliyobaki nikapanda ukoka. Baada ya hapo nilimwomba dalali awalete wateja hasa siku ambazo mvua imenyesha usiku, jambo ambalo mwanzoni alilikataa kwa kudhani ninataka kuharibu biashara. Mnunuzi aliyechukua nyumba alifika uwanja ukiwa umelowa lakini hauna dimbwi hata moja, akatembea kwa viatu vyake vya ofisini hadi mlangoni, na mazungumzo ya bei yakaanza hapo hapo kibarazani.

Pevingi si mbaya, ila zikitandazwa juu ya uwanja usio na mwinamo zinasimamisha maji vilevile, na wakati mwingine zinayaelekeza nyumbani. Ukiamua kuziweka, zitumie pale panapohitajika: unene wa sentimita 6 unatosha kwa njia ya miguu, na sentimita 8 kwa sehemu ya kuingizia gari.

Mchangiaji, Kigamboni

Namuunga mkono mwenzetu wa Kibaha, na ninaongeza habari ya ukuta. Plasta inayomeguka kwa chini, kwa huku kwetu karibu na bahari, mara nyingi ni unyevu unaopanda kutoka ardhini pamoja na chumvi, na hali huwa mbaya zaidi pale ambapo nyumba ilijengwa kwa mchanga wenye chumvi. Jirani yangu aliyetaka kuuza kwa haraka alipaka rangi juu ya plasta hiyohiyo. Haikuchukua muda ukuta ukatoa malengelenge, na kila mnunuzi aliyefika alikuwa akiyabonyeza kwa kidole huku akipunguza bei kimoyomoyo.

Sisi tulibandua plasta yote iliyolegea, tukaendelea kuibandua hadi juu kidogo ya mahali ilipoishia alama ya unyevu, fundi akapiga plasta mpya iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, kisha tukaiacha ikauke kabla ya kuigusa kwa brashi. Mafundi hupendekeza siku 28 kwa plasta mpya, na hapa ndipo wauzaji wengi wanaposhindwa kuvumilia. Rangi tuliyochagua ilikuwa ya maziwa, tukaacha ukanda wa kijivu kwa chini ambapo matone ya mvua hurusha tope. Dada yangu alipendekeza zambarau. Tulimshukuru kwa ushauri wake.

Jambo jingine dogo: ukuta wetu wa nje ulikuwa umepakwa bure tangazo la kampuni ya simu, jina kubwa kutoka kona hadi kona. Familia ilikuwa imelizoea kiasi cha kutoliona tena. Tulipolifuta, nyumba ilirudi kuwa makazi ya watu na si kibanda cha vocha.

Mchangiaji, Njiro, Arusha

Nitakuwa tofauti na wenzangu. Sikurekebisha chochote zaidi ya kufyeka majani na kuondoa mabaki ya ujenzi, na nyumba ikauzwa kwa bei niliyoitaka, kwa sababu mnunuzi alikuwa na mpango wa kuibomoa na kujenga ghorofa. Kabla ya kununua hata kopo la rangi, jiulize mnunuzi wa eneo lako anakuja kuishi au anakuja kujenga upya. Goba ya leo ina watu wa aina zote mbili.

Mchangiaji, Kimara (ninafanya kazi ya udalali)

Naomba niseme kwa niaba ya tunaowaleta wateja, ingawa najua tunasemwa vibaya. Mnunuzi makini haanzii getini kwako. Anaanzia kwa vijana wa bodaboda pale kona, anawauliza kama maji yanafika na kama eneo lina mgogoro, kisha anaitazama barabara. Kwa hiyo mbele ya nyumba yako ni pamoja na kile kipande cha nje ya ukuta ambacho si mali yako: jaa la taka lililojitengeneza penye nguzo ya umeme, lundo la mchanga na kokoto lililobaki tangu ulipojenga, na mfuniko wa chemba uliovunjika. Mteja wangu mmoja aliahirisha kununua kwa sababu ya mfuniko huo tu, kwa hoja kwamba mtu anayeacha shimo wazi getini kwake hawezi kuaminika kwa yale yaliyofunikwa.

La pili ni mipaka. Wapo wanaopanda maua na kutandaza udongo hadi bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zinafukiwa, halafu mnunuzi anakuja na mpima ardhi na nusu ya siku inapotea kwa kuzitafuta. Mimi huwaomba wenye nyumba wazifukue bikoni, wasafishe pembeni, na kama zina namba zinazosomeka, ziachwe zisomeke. Hakuna ua linalomtuliza mnunuzi wa Tanzania kuliko bikoni inayoonekana ikilingana na ramani.

La tatu ni alama ya X, ile inayochorwa kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi, na waliokuwepo hawajasahau. Nimeombwa na wauzaji niwatafutie fundi wa kupaka rangi juu ya alama hiyo, na nimekataa, kwa sababu kuificha ni udanganyifu na tena haifichiki: majirani wanajua, serikali ya mtaa inajua, na wakala wa barabara ana kumbukumbu zake. Nyumba yenye alama inauzwa kwa kuisema alama yenyewe.

Kuhusu picha: zipigwe asubuhi, baada ya uwanja kufagiwa, kamba ya nguo ikiwa imeshushwa na gari bovu likiwa limeondolewa. Nimewahi kupokea picha ya nyumba nzuri sana ambayo katikati yake mbuzi alikuwa amesimama juu ya tairi.

Mchangiaji, Bamburi, Mombasa

Assalaam alaykum. Kwetu sisi mnunuzi hakufika kabisa. Alikuwa kijana wa huku huku Pwani anayefanya kazi Doha, na nyumba aliiona kwa video ya simu iliyopigwa na shangazi yake, akiingia getini na kutembea polepole hadi barazani. Ndiyo maana nasema sehemu ya mbele imekuwa na uzito kuliko zamani, maana yule anayelipa anaiona kwanza, na mara nyingine ndiyo pekee anayoiona vizuri kabla mtandao haujakatika.

Upepo wa chumvi ulikuwa umelila geti. Tulilipiga msasa mpaka likabaki chuma kitupu, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu rangi nyeusi ya mafuta mara mbili. Baraza tulilipaka chokaa, kama lilivyokuwa likipakwa na wazee, na miasumini iliyokuwapo tukaipunguza na kuielekeza juu ya mlango. Shangazi mtu, mama wa heshima zake, alikaa barazani akakataa kuondoka upesi, na kijana akamsikiliza yeye kuliko alivyomsikiliza wakili.

Mchangiaji, Houston

Huku Marekani mambo ya mbele ya nyumba yana utaratibu wake: majani ya uwanjani yanakatwa kila wiki, vitalu vya maua vinafunikwa kwa matandazo ya magome ya miti, na katika mitaa yenye chama cha wamiliki wa nyumba unaweza kutozwa faini kwa kuacha majani yarefuke, uwe unauza au huuzi. Hata hivyo nilipouza nilikuta jambo linalofanana na la Dar es Salaam. Baada ya kimbunga Harvey cha mwaka 2017 wanunuzi wa hapa wanauliza mafuriko kabla ya maua, na sheria ya Texas inamtaka muuzaji aeleze kwa maandishi kama nyumba imewahi kuingiwa na maji. Wazo la kufuta mstari wa maji ukutani kwa rangi na kukaa kimya, huku linakufikisha mahakamani.

Mchangiaji, Morogoro (bwana shamba mstaafu)

Nimesoma yote, na naona mwembe umesahauliwa. Msiukate. Mnunuzi wa familia anapoingia mchana wa Januari katika uwanja usio na kivuli, hana hamu ya kusimama na kusikiliza maelezo yenu. Kinachotakiwa ni kuupogoa mara baada ya mavuno: ondoeni matawi ya chini yanayoizuia nyumba isionekane kutoka getini, yaliyokauka, na yale yanayogusa bati. Shina lisipakwe rangi wala lisizungushiwe saruji, kwa sababu mizizi inahitaji hewa. Tengenezeni duara la mawe, sehemu ya ndani mwiache wazi na ifagiwe kila asubuhi.

Mti ninaouogopa karibu na ukuta si mwembe bali ni fikasi, pamoja na mkrismasi, ule unaochanua mwekundu mwishoni mwa mwaka, ambao mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua sakafu. Ikiwa ipo mbali na msingi iacheni. Ikiwa imekwisha kupasua ukuta, mnunuzi ataiona, na ni bora muwe mmeshughulikia ufa wenyewe kuliko kuuficha kwa vyungu. Bogenvilea ni nzuri kwa anayeuza kwa sababu inapenda jua kali na haidai maji mengi. Miashoki miwili pembeni mwa geti inapendeza, ila msinunue mirefu kwa bei kubwa kwa ajili ya nyumba mnayoiacha.

Ukoka upandwe mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, au vuli ya Oktoba, kwa vipande vilivyoachana sentimita 15 hadi 20, nao utaungana wenyewe. Mkichelewa, uwanja wa udongo uliosawazishwa na kufagiwa vizuri kwa ufagio wa chelewa una heshima yake, na mnunuzi anayeogopa nyoka anaupenda kuliko kichaka cha maua.

Mwanzisha mada, Tegeta

Nawashukuru sana, na mzee wetu wa Morogoro shikamoo. Naomba swali moja kwa wenye ufundi: tukitaka kuuza kabla ya mwezi wa nane, kazi hizi zifuatane vipi?

Mchangiaji, Tabata (fundi ujenzi)

Marahaba ni ya mzee. Mimi nitajibu kuhusu kazi. Anzeni na mtaro na mwinamo wa uwanja sasa, wakati mvua bado ipo, kwa sababu mvua yenyewe itawaonyesha fundi alipokosea na mtamwita arudi kabla hamjamaliza kumlipa. Plasta ya chini ibanduliwe mvua ikipungua mwezi Mei, ipigwe upya na iachwe hadi mwishoni mwa Juni. Geti mlipeleke kwa mchomeleaji katika kipindi hicho cha kusubiri, abadilishe bawaba zilizolegea, maana geti linalobebwa kwa mikono miwili ili lifunguke linamchosha mgeni kabla hajaingia. Rangi ipakwe Julai, kukiwa kukavu, mara mbili, na msikubali fundi aizidishie maji ili ndoo ya lita 20 ifike mbali. Changarawe iwe ya mwisho, baada ya ngazi na makopo kuondoka, la sivyo mtaichambua rangi kwenye mawe moja baada ya jingine.